Kiraka Kwenye Tangi la Maji ya Moto

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Pacha alimwogesha mama mkwe wake.

Kazi hiyo ilikuwa na mpangilio wake. Kwanza aliweka bafuni kiti cha plastiki, kile chenye mikono. Kisha alimshika Mama kiunoni, wakatembea pole pole mpaka kitini. Mguu wa kushoto ulipiga hatua, wa kulia uliburutwa. Halafu Mama Pacha alijaza beseni maji ya vuguvugu na kuliweka mapajani mwa Mama. Mkono wa kulia wa Mama ukazama humo ndani.

Mama aliugua kiharusi mwaka uliopita. Ugonjwa ulimwacha hai, lakini upande wa kulia ulikufa ganzi. Upande huo haukusikia baridi, joto, wala kufinywa. Mkono ulijikunja ukawa ngumi, na ngumi hiyo haikufunguka hata alipolala. Maneno nayo yalimpungukia. Zamani Mama aliweza kuongea kutwa nzima bila kumeza mate. Sasa alisema neno moja moja, na hilo moja alilitafuta kwanza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kutoka hospitali kila mwisho wa mwezi. Alikuwa mzee mfupi, mkali kidogo, asiyependa kurudia maneno.

"Mkono huu uwekwe kwenye maji ya vuguvugu robo saa kila asubuhi," aliwaambia siku ya kwanza. "Ukilainika, mnyoosheni vidole kimoja kimoja. Msiruke siku. Mishipa ikishakaza, mkono hautafunguka tena."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Na upande huu hausikii kitu. Ninyi ndio ngozi yake. Pimeni maji kwa kiwiko kabla hayajamgusa."

Kwa sababu ya mkono huo walihamia nyumba hii. Ilikuwa finyu, na jiko lake lilitosha mtu mmoja na nusu. Lakini ilikuwa na tangi la maji ya moto linalotumia umeme. Tangi lilisimama kwenye stoo, ukuta mmoja na bafu. Lilikuwa jeupe, nene, na lilimfika Mama Pacha mabegani. Ubavuni mwake lilitoka bomba jembamba la shaba, likashuka hadi karibu na sakafu. Mdomo wa bomba hilo ulikuwa wazi. Maji yalipochemka, lilidondosha matone machache, yakaenda na kijitundu cha sakafuni. Hakuna aliyejua kazi yake, na hakuna aliyeuliza.

Ndani ya nyumba waliishi watu watatu tu. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni. Alikuwepo Mama, alikuwepo Mama Pacha, na alikuwepo mumewe, Baba Pacha, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiraka.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Kiraka alikuwa fundi baiskeli, na pancha ndiyo iliyokuwa fani yake hasa. Ungemletea tyubu iliyotoboka kama chujio, angekurudishia imejaa upepo. Alisema kitu kinachovuja kilimnyima usingizi. Nyumbani aliziba ndoo, alitia gundi viatu, na mwamvuli wa mkewe ulikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chake cha asili. Ukimsifu, alijifanya hajasikia, halafu akangoja umsifu tena.

Jumatatu moja Mama Pacha alifungua bomba la maji ya moto, akangoja. Maji yalitoka baridi. Akangoja tena. Yakazidi kuwa baridi.

Alimwosha Mama haraka haraka. Mama alitetemeka, meno yakagongana. Mkono wa kulia, uliokuwa umeanza kulegea baada ya miezi ya jasho, ukajikunja zaidi. Mama Pacha alijaribu kuingiza kidole chake katikati ya ngumi ile. Hakikupita.

Akamwita mumewe. Kiraka alikuja na bisibisi mkononi na tabasamu usoni. Aliwasha taa, ikawaka, akasema umeme upo. Aliangalia boksi la swichi sebuleni, akaona swichi ya tangi haijashuka. Akaizima kwa mkono, akaenda kufungua kifuniko kidogo ubavuni mwa tangi. Ndani aliona kitufe chekundu kimechomoza. Akakibonyeza. Kikalia ta. Akarudisha kifuniko, akawasha swichi. Mpaka hapo, tuseme ukweli, hakukosea.

Baada ya saa moja maji yalikuwa ya moto.

"Tangi nalo hupata pancha," alisema Kiraka, na siku ile alikwenda kazini anapiga mluzi.

Jumanne maji yakawa baridi. Kitufe kilikuwa kimechomoza tena. Kiraka akakibonyeza. Jumatano hivyo hivyo. Ikawa ndiyo kawaida ya nyumba: Kiraka anaamka, anabonyeza, wanangoja saa nzima, ndipo Mama anaogeshwa. Jambo jingine lilimtia Mama Pacha wasiwasi. Maji yalipokuja, yalikuja ya moto mno. Alihitaji kuchanganya na ndoo nzima ya maji baridi. Na lile bomba la shaba halikudondosha tena tone moja moja. Lilimwaga. Sakafu ya stoo ililowa, na maji yakaingia mpaka kwenye gunia la mkaa.

Mama Pacha alimwambia mumewe wamwite jirani.

Jirani huyo alikuwa fundi umeme, mwanamke mrefu wa makamo, aliyekaa nyuma ya ukuta wa uani. Alichomeka testa yake, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kitana, na watu wakamwita Mama Testa. Alikuwa fundi wa kuaminika. Ila Kiraka hakupikika naye chungu kimoja. Sababu ilikuwa ya kitoto. Siku moja baiskeli ya Mama Testa ilipata pancha mbele ya kibanda cha Kiraka, naye akachutama akaiziba mwenyewe pale pale, wateja wakitazama. Kiraka hakusahau.

"Kitufe nakijua," alimjibu mkewe. "Yeye atakuja kubonyeza hicho hicho, tena atanisimulia mtaa mzima."

"Lakini kwa nini kinaruka kila siku?"

"Kibovu tu. Na hilo linalovuja niachie mimi. Kuvuja ndiyo kazi yangu."

Alhamisi jioni alirudi na vifaa vyake. Alichonga kigingi cha mti, akakipaka gundi, akakipigilia kwenye mdomo wa bomba la shaba. Juu yake akazungusha ukanda wa tyubu, safu kwa safu, kisha akaukaza kwa waya. Alipomaliza alikaa kitako kwenye gunia la mkaa, akasikiliza. Hakuna tone lililoanguka. Alimwita mkewe aje aone. Mama Pacha aliona, akasema ni kazi nzuri. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri.

Ijumaa asubuhi kitufe kiliruka mara mbili kabla ya chai. Kiraka alichoka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki wiki tatu, na mtaalamu wa mazoezi angekuja kukuta mkono umerudi nyuma. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi, na ni upendo huo uliomtia haraka. Alizima swichi, akafungua kifuniko. Akakata kipande cha waya, akaunganisha umeme moja kwa moja, ukikipita kitufe chekundu kwa mbali. Akawasha.

"Leo hakiruki tena," alimwambia mkewe. "Ngojeni kidogo maji yachemke. Mimi nawahi kibandani."

Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Mama Pacha alipika uji, akafagia, akakunja nguo. Saa moja ikapita, na nusu nyingine juu yake. Ndipo akampeleka Mama bafuni, akamketisha kwenye kiti cha plastiki. Alipoinama kuchukua beseni alisikia sauti.

Ilitoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa ngurumo ya chini, kama sufuria kubwa inayochemka huku imefunikwa. Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulitetemeka kidogo.

Alishtuka, lakini hakuelewa. Akajiambia ndiyo maji yamepata moto vizuri. Akafungua bomba.

Bomba lilikohoa. Likatema mvuke, kisha maji, kisha mvuke tena. Matone yaliruka huku na huku. Mama Pacha aliruka nyuma, kiwiko kimeungua, akalifunga bomba kwa pindo la kanga. Halafu akamtazama Mama.

Mama alikuwa ametulia kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, ngumi vile vile. Mgongo wa mkono huo ulikuwa umelowa, na mvuke ulipanda kutoka kwenye ngozi yake. Mama hakuwa amesikia kitu. Alikuwa akimtazama mkwewe tu, akingoja kuogeshwa.

Mama Pacha akaigeukia ndoo. Alichota maji baridi kwa kopo akayamwagia mkono ule. Ngozi ilikuwa nyekundu. Upande wa pili wa ukuta tangi lilinguruma, sasa kwa nguvu zaidi, na kitu ndani yake kikagonga, ko, ko, ko.

Alikimbilia mlango wa uani, akaita kwa sauti ambayo hakujua anayo. Kwa bahati ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Testa. Kichwa chake kilitokea juu ya ukuta, povu la sabuni mikononi.

"Tangi linanguruma, bomba linatoa mvuke," alisema Mama Pacha. "Mama yuko bafuni."

Mama Testa hakuuliza mengi.

"Lile bomba dogo la shaba linamwaga maji?"

"Baba Pacha ameliziba. Na kitufe amekiunga waya."

Uso wa Mama Testa ulibadilika. Alisema taratibu, neno baada ya neno, ili asieleweke vibaya.

"Nenda sebuleni, zima swichi ya tangi kwenye boksi. Usiingie stoo. Usiguse tangi, usifungue bomba lolote. Ukishazima, mtoe Mama nje. Nakuja."

Mama Pacha alikimbia. Boksi lilikuwa na swichi sita. Alitafuta ile yenye kipande cha plasta kilichoandikwa TANGI. Akaishusha. Ngurumo haikukoma. Alidhani ingekoma mara moja, na ilipoendelea, nusura akae chini alie.

Akarudi bafuni. Kumtembeza Mama kungechukua muda, kwa mguu ule unaoburutwa. Basi akaenda nyuma ya kiti cha plastiki, akakiinamisha, akakivuta na Mama akiwa juu yake. Miguu ya kiti ililia kwenye saruji. Kilipita mlango wa bafu. Kilipita mbele ya stoo, na joto likampiga Mama Pacha shavuni kutoka chini ya mlango ule. Kwenye kizingiti cha uani kiti kilikwama. Alivuta, kikagoma. Alivuta tena. Mama akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaushika mwimo wa mlango, akajisukuma. Kiti kikaruka kizingiti.

Mama Testa alikuwa tayari ameingia kupitia lango. Walimbeba wawili mpaka mwisho wa ua, penye bomba la maji ya kawaida. Mama Testa alilifungua, akauweka mkono wa Mama chini ya maji yanayotiririka.

"Dakika ishirini, si chini ya hapo," alisema. "Usipake mafuta, usipake dawa ya meno, usipake chochote. Maji tu. Halafu zahanati."

Kisha alitoka kwenda uchochoro uliopita nyuma ya stoo. Aliwarudisha watu waliokuwa wakipita, akawaambia wapite barabara kubwa. Mmoja alitaka kujua kuna nini. Akamwambia kuna tangi linaloweza kupasuka, na kama hamwamini asimame hapo hapo aone. Mtu yule aliamini.

Simu ilimfikia Kiraka kibandani. Alikuja na baiskeli mpaka mlangoni, mikono ina grisi, jasho linamtoka. Alimwona mama yake ameketi uani, mkono chini ya maji. Akaona wekundu. Alichomoa kisu kidogo cha kazi mfukoni, akaelekea ndani.

Mama Testa alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kukata kile nilichoziba. Nipishe."

"Hupiti."

"Nimeziba mwenyewe, nitafungua mwenyewe."

"Sikiliza, Kiraka. Humo ndani kuna maji ya moto kuliko yanayochemka sufuriani, na mvuke uliobanwa. Ukikata ule mpira sasa hivi, utapokea yote usoni. Umeme tumeuzima. Kazi iliyobaki ni kungoja lipoe. Nikopeshe hiyo baiskeli, niuzuie nayo uchochoro."

Kiraka alisimama kisu mkononi. Kila mfupa wake ulitaka kufanya kazi. Kungoja hakujawahi kuwa fani yake. Tangi liligonga tena ndani, ko, na wote wanne wakalitazama dirisha la stoo. Hapo akarudisha kisu mfukoni. Akaenda kuchuchumaa kando ya mama yake, akaushika mguu wake, ule unaosikia.

Walingoja. Dakika ishirini za maji zilipokwisha, Mama Pacha alimpeleka Mama zahanati. Kiraka alibaki ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa uani, bila kula wala kunywa. Adhuhuri ngurumo ilipungua. Alasiri ilikoma. Mama Testa hakuruhusu mtu kuingia stoo hata hivyo. Alisema tangi limevishwa koti nene ndani ya bati lake, na kwa hiyo maji hayapoi upesi. Usiku ule alimlaza Mama nyumbani kwake.

Zahanati walisema kuungua si kwa kina, kwa kuwa mkono ulipozwa mapema. Lakini malengelenge mawili yalitoka mgongoni mwa mkono. Muuguzi aliufunga kitambaa safi, akasema usiloweshwe kwa siku kumi.

Mama Pacha alihesabu. Siku kumi bila maji, bila kunyoosha vidole. Alimweleza mumewe na hakumficha hasira yake.

"Alisema tusiruke siku," alimwambia. "Tutaruka kumi. Usikute ndio mwisho wa mkono wa Mama. Kisa hukutaka kumwita mtu aliyeziba pancha yake."

Kiraka aliinamisha kichwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Mama Testa. Akasema, "Jirani, naomba uje unifundishe." Maneno hayo yalimtoka kwa shida, lakini yalimtoka.

Mama Testa alikuja na viatu vya mpira, glavu na mkoba wake. Kwanza alihakikisha swichi ya tangi bado imezimwa, akaifunika kwa plasta ili mtu asiiwashe kwa kusahau. Kisha akaenda jikoni, mbali na tangi, akafungua kidogo bomba la maji ya moto, uso ameugeuza pembeni. Maji yalitoka kwa kishindo, yakapungua, yakatulia. Ndipo wakaingia stoo. Alifungua kifuniko, akagusisha testa kwenye nyaya. Taa ya testa haikuwaka. Akagusisha tena kuhakikisha.

"Swichi inaweza kukudanganya," alisema. "Ndiyo maana ninapima hata nikiwa nimeizima mwenyewe."

Alimwonyesha Kiraka kipande cheusi cha plastiki chenye namba. Alisema hicho ni themostati. Kazi yake ni kupima joto na kukata umeme maji yakitosha.

"Hii imeganda. Haisemi basi tena. Maji yanachemka tu, yanachemka tu. Kitufe chekundu ni mlinzi wa pili. Kikiona joto limepita kiasi, kinaruka na kukata umeme. Ya moto mkiyamaliza jioni, mengine hayapashwi; ndiyo maana ulikuta maji baridi asubuhi. Tangi halikuwa limelala. Lilikuwa limejiokoa."

"Na mimi nikakibonyeza," alisema Kiraka.

"Mara ya kwanza si kosa. Kitufe kinaweza kuruka mara moja kwa sababu ndogo, umeme ukicheza kwa mfano. Unazima swichi, unabonyeza, unawasha, unaangalia. Kikiruka mara ya pili, kinakwambia kuna ugonjwa. Hapo unazima na kuita fundi. Wewe ulimnyamazisha mlinzi kwa waya."

Kiraka alikitazama kile kipande cha waya. Alitamani kimezwe na ardhi, na yeye pamoja nacho.

"Na hili bomba?" aliuliza.

Mama Testa alichutama kando ya bomba la shaba, akakishika kile kigingi kilichofungwa kwa mpira.

"Niambie wewe, fundi. Mtu akija kwako na tairi, akalijaza upepo, asiache kujaza. Linafanyaje?"

"Linapasuka."

"Maji yakipata moto yanatanuka. Yanataka nafasi. Juu ya bomba hili kuna vali ya usalama. Presha ikizidi, vali inafunguka, maji yanatoka hapa. Linapodondosha kidogo wakati wa kuchemka, ni sawa. Likimwaga, linakuita. Wewe ulilifunga mdomo."

Alimpa kisu. "Umeziba wewe, fungua wewe."

Kiraka alikata waya, akafungua ukanda wa tyubu. Ulikuwa umeshikana safu kwa safu, haukutaka kuachia. Kigingi kilimtoa jasho. Alikuwa hajawahi kubandika kiraka imara kama kile maishani mwake, na alipofikiri hivyo alianza kulia, kisu mkononi, kwenye stoo yenye harufu ya mkaa. Mama Testa alijishughulisha na mkoba wake mpaka Kiraka alipomaliza.

Walilimwaga tangi lote. Chini kabisa yalitoka maji meupe mazito, na ukoko kama maganda ya mayai, nusu ndoo. Mama Testa alisema ni chumvi ya maji. Inakaa chini, inaifunika koili inayochemsha, na tangi linafanya kazi kwa taabu. Linatakiwa kusafishwa kila mwaka. Kiraka alikiri kwamba tangu wahamie hawakuligusa.

Mama Testa aliweka themostati mpya na vali mpya, kwa kuwa ile ya zamani haikuaminika tena baada ya kubanwa vile. Waya wa Kiraka aliutoa, na kitufe chekundu akakirudisha kazini. Themostati aliiweka kwenye digrii sitini. Alijaza tangi maji mpaka mabomba ya ndani yakaacha kutoa hewa, kwa sababu koili ikiwashwa bila maji huungua. Kisha akainua kijimkono cha vali. Maji yalitoka kwenye bomba la shaba kwa nguvu. Alipokiachia yakakoma. Akamfanya Kiraka naye ajaribu, mara tatu. Mwisho akabandua plasta, akawasha swichi.

Maji yalichemka yakafikia kiasi, tangi likatulia lenyewe. Hakuna ngurumo iliyosikika. Bomba la shaba lilidondosha tone. Baada ya muda, jingine.

"Digrii sitini bado zinaunguza," Mama Testa alimwambia Mama Pacha. "Beseni lianze na maji baridi. Ndipo uongeze ya moto, ukoroge, upime kwa kiwiko. Kila siku, hata kama jana yalikuwa sawa."

Siku kumi zilikuwa ndefu. Mama Pacha aliamka kila asubuhi kwa mazoea, akafika mpaka mlango wa bafu, akakumbuka. Siku ya kumi na moja kitambaa kilifunguliwa. Ngozi ilikuwa imepona, lakini ngumi ilikuwa imekaza kama siku ya kwanza ya hospitali. Wakaanza upya. Kiraka ndiye aliyejaza beseni, baridi kwanza, moto baadaye. Ndiye aliyetumbukiza kiwiko. Ndiye aliyenyoosha vidole, kimoja kimoja, mikono yake iliyozoea matairi ikienda pole pole kuliko ilivyowahi kwenda.

Mtaalamu wa mazoezi alipokuja mwisho wa mwezi aliutazama mkono kwa muda mrefu. Alisema umerudi nyuma, lakini haujafungwa. Akaongeza kwamba sasa hakuna siku ya kuruka hata moja. Kiraka aliitikia kwa wote.

Kibandani nako mambo yalibadilika. Mteja akisema ana tangi nyumbani, Kiraka alimwuliza habari za bomba dogo kabla ya kumwuliza habari za pancha. Alikwenda kuangalia mwenyewe. Nyumba moja aliwakuta wameliziba kwa kizibo cha chupa. Nyingine walikuwa wamelikunja bomba juu na kulifunga kitambaa. Kote huko hakuligusa bomba. Alizima swichi, akamwita Mama Testa. Siku moja Mama Testa alipita na baiskeli yake, tairi la nyuma limelala chini kabisa, akaiegesha kibandani na kukaa kwenye benchi.

"Hii ndiyo ya kuziba," alisema. Kiraka alicheka, akaiziba.

Chini ya bomba la shaba Mama Pacha aliweka kopo, matone yasiloweshe mkaa. Kila jioni Kiraka alilibeba kopo hilo, akalimwaga kwenye miche ya nyanya uani. Tabia haiondoki kwa siku moja. Kila alipolisikia tone likianguka, vidole vyake vilitekenyeka. Alivikunja, akatoka stoo.

Miezi minne baadaye, jioni moja, alikwenda stoo akakuta kopo halipo.

Alitoka uani. Mama alikuwa amesimama peke yake kando ya nyanya, mkono wa kushoto umeegemea ukuta. Kopo lilikuwa kwenye mkono wa kulia. Vidole vinne vililizunguka, kidole gumba juu yake, na maji ndani yake yalikuwa yanacheza. Aliliinamisha kidogo kidogo. Mengine yalimwagika miguuni pake.

Kiraka alipiga hatua, mikono mbele, tayari kulidaka.

Mama aligeuza kichwa. Alitafuta neno lake, akalipata.

"Acha," alisema. "Lidondoke."

Kiraka akasimama pale pale, mikono ikashuka. Alimtazama mama yake mpaka kopo lilipoisha maji.